Ngome Iliyozingirwa kwa Ajili ya Mpwa

Ndugu zangu ninaoswali nanyi, na nyinyi majirani mnaosali kwenu Jumapili, tangu nirudi kila mmoja ananishika mkono na kuuliza, "Mwalimu, ilikuwaje huko India?" Nikianza kujibu, kahawa inapoa, mtoto analia, simu inaita, na habari inakatika katikati. Nimeona niiandike mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake. Alhamdulillahi, nimekwenda na nimerudi mzima, na jambo lililonipeleka limekwisha kwa heri.

Jambo lenyewe wengine mlilijua nusu. Binti yangu wa mwisho, Zuhura, amechumbiwa na Nasiri, yule kijana mpole anayechunguza magonjwa ya mimea pale kituo cha utafiti cha Beltsville. Kwao ni Kannur, mji wa pwani kusini mwa India, na ni Waislamu kama sisi. Sina neno naye. Lakini nilisikia kwamba mkataba wake Beltsville unakaribia kwisha na kwamba kwao wanamtaka. Tabora nilikozaliwa, mke humfuata mume. Tangu mama yake afariki, Zuhura ndiye anayenisomea barua zenye maandishi madogo, ndiye anayenipeleka kwa daktari, na ndiye sauti pekee ninayoisikia nyumbani asubuhi. Niliogopa, na sikumwambia mtu. Kumuuliza Nasiri niliona haya, kwa sababu mambo ya wakubwa huulizwa wakubwa. Mama yake Nasiri magoti hayamruhusu kupanda ndege. Basi nikasema nitakwenda mimi, niwaone uso kwa uso, na niwaombe kwa adabu waniachie mwanangu karibu.

Kutoka Riverdale Park hadi uwanjani

Aliyenipeleka uwanja wa ndege ni Papa Bahati, jirani yangu hapa Riverdale Park, mzaliwa wa Uvira, mzee wa kanisa. Nilimwambia aje saa nane mchana, akaja saa tano.

"Papa Mwalimu, mvua iko nakuya," alisema mlangoni. "Tutoke sasa."

"Mvua iko wapi? Jua linawaka."

"Iko nakuya."

Tulipofika kwenye barabara kuu ya Beltway, kabla ya daraja la kuvukia kwenda Virginia, anga ikawa nyeusi na magari yakasimama kabisa. Tulikaa pale saa nzima na nusu. Papa Bahati hakuniambia "nilikwambia," na kwa hilo namshukuru. Alitoa mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa na mkewe, tukala ndani ya gari huku vioo vikifunikwa na ukungu.

"Ukifika kule, usiseme mingi," alinishauri. "Bazee ba upande wa mume banapendaka mutu wa kunyamaza."

"Bahati, mimi nakwenda kusema. Nikinyamaza nimekwenda kufanya nini?"

Akafikiri. "Basi sema kidogo, kula mingi."

Uwanjani alinishika mabega akaniombea kwa namna yake, kwa sauti, mbele ya watu na masanduku yao, nami nikaitikia amina. Kisha sisi abiria tukapandishwa ndege, na ndege ikakaa chini saa nne kwa sababu ya radi. Mama mmoja wa Kihabeshi aliyekaa kando yangu alitoa bisi ndani ya mfuko akanimiminia kiganjani bila kuniuliza. Hatukuwa na lugha moja. Kila radi ilipopiga alinitazama, nami nilionyesha juu kwa kidole, akaridhika, akala tena.

Siku nzima katika mji wa Ghuba

Kwa kuchelewa kule, ndege ya pili ilikuwa imeondoka. Tuliambiwa tusubiri ya kesho yake. Nilikaa katika uwanja ule mkubwa unaong'aa kama duka la vioo, miguu imevimba, nikitafuta mahali pa kuswali na kila kibao kikinirudisha nilikotoka.

Aliyeniokoa ni mpishi mmoja wa makamo, naye wa Kannur, anayerudi kwao kwa likizo. Aliniona nimezunguka mara tatu. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha vitabuni kwamba natafuta mahali pa kuelekea kibla. Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. Kiarabu chake ni cha jikoni, na alisema hajawahi kusikia mtu akiuliza njia kama anayetoa hotuba ya Ijumaa. Baada ya hapo tulielewana vizuri. Tuliswali pamoja, akafungua chakula chake, mikate myembamba ya unga wa mchele na mchuzi wa kuku wenye nazi, akanigawia sehemu kubwa.

Akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia ni mambo ya harusi ya binti yangu na kijana wa kwao.

"Nyumba yako ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Vizuri, vizuri sana," akasema, akitikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi.

Niliona ni udadisi wa kawaida. Nilikunja koti langu, nikaliweka chini ya kichwa, nikalala kidogo kwenye benchi huku yeye akinilindia mkoba.

Kannur, nyumbani kwa Mama Nasiri

Nilipotoka nje ya uwanja wa Kannur mvua ilikuwa inamwagika, na chini ya paa alisimama mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe na mwavuli wa kike wenye maua. Akaniita kwa Kiswahili.

"Karibu, sheikh. Pole na safari. Umekonda kwa ajili ya ndege au ndivyo ulivyo?"

Huyu ni Hamza, mjomba wa Nasiri, kaka wa mama yake. Alikaa Maskati miaka thelathini akiuza vitambaa katika duka la tajiri aliyezaliwa Unguja, na pale dukani, alisema, ukitaka kulipwa kwa wakati ulijifunza Kiswahili. Nilifurahi mno kusikia lugha yangu katika mvua ile, na nikajiambia kazi yangu imekuwa nyepesi.

Nyumba yao ni kubwa na ya zamani, yenye paa la vigae. Ilijaa wanawake, yaani dada, mabinti wa dada na shangazi, wakitoka na kuingia kwa sahani. Mama Nasiri alikaa kwenye kiti kirefu, miguu imefunikwa shuka, uso wake uleule wa Nasiri. Nikaletewa biriani, kome waliojazwa unga wa mchele, ndizi mbivu zilizotiwa nazi ndani na kukaangwa. Nilifuata shauri la Papa Bahati, nikala mingi.

Kisha mama akaanza kuuliza, na Hamza akitafsiri.

"Dada anauliza, kule nyumbani kwako chumba ni kikubwa?"

Nilielewa kwamba wanataka kujua Zuhura amezoea chumba gani, ili wamwandalie kama hicho hapo Kannur. Nikaona wameshakata shauri. Na mnajua tulivyolelewa. Mtu hasifu nyumba yake mbele ya wenyeji wake, hata akiwa na ghorofa huiita kibanda.

"Mwambie ni kibanda tu," nilisema. "Chumba ni kidogo. Kina dirisha moja, linatazama maegesho ya magari. Na kitanda chenyewe kinalia ukigeuka."

Hamza alinitazama kwanza, halafu akatafsiri. Aliyekuwa akimimina chai akaacha birika hewani.

"Anauliza, asubuhi mnakula nini?"

"Chai na mkate mkavu. Siku nyingine ugali wa jana." Nikacheka, ili nao wacheke.

"Ugali wa jana," Hamza alirudia polepole, kama karani wa mahakama anayesoma hukumu, kisha akawaeleza wenzake ugali ni kitu gani.

Hakuna aliyecheka. Mama Nasiri aliinuka kwa fimbo yake, akasema neno la kuomba radhi, akaenda chumbani kwake. Kabla hajafika mlangoni niliona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Siku mbili za mvua

Mvua haikukatika siku mbili. Niliwekwa chumba kizuri kuliko nilivyostahili. Chakula kililetwa mara tano kwa siku, kila mara aina mpya, lakini mama hakukaa nami tena. Wale wanawake walinisalimu kwa heshima na kupita haraka. Hamza, aliyekuwa mcheshi uwanjani, sasa alizungumza habari za bei ya vitambaa Maskati miaka hiyo.

Nilijua wamenisoma. Niliona wameng'amua kwamba nimekuja kuwazuia wasimchukue Zuhura, na sasa wananichosha kwa ukarimu mpaka niondoke bila kusema. Kila nilipofungua kinywa kuanza, Hamza aliinuka kwenda kutazama kama maji yanapita mferejini.

Faraja yangu ilikuwa msikiti. Tulikwenda alfajiri chini ya mwavuli ule wa maua, na imamu aliposimama katika rakaa ya pili akainua mikono kusoma dua ya kunuti, machozi yalinitoka. Ndivyo tulivyoswalishwa Tabora tukiwa watoto. Niliomba dua moja tu. Sikuomba nishinde. Niliomba kwamba kama Zuhura ataondoka, nipewe moyo wa kumwachia bila kumtia uchungu.

Siku ya pili ya mvua Zuhura akanipigia simu.

"Vipi, Baba? Wamekubali?"

"Bado hatujazungumza."

"Siku tatu sasa. Mnafanya nini?"

"Tunakula."

"Baba, please usi-argue nao."

"Sijapata nafasi ya ku-argue, mwanangu," nilimwambia, akacheka, na kicheko chake kilinikalia kifuani mchana kutwa.

Ngomeni

Siku iliyofuata mvua ilipumzika, na Hamza akasema, "Twende nikuonyeshe ngome ya Wareno. Mgeni hawezi kuondoka Kannur hajaiona."

Ni ngome ya mawe mekundu, imekaa kwenye rasi, bahari inaipiga pande tatu. Kuta ni nene kiasi kwamba ng'ombe wanaweza kupita juu yake. Kuna handaki, mizinga iliyolala kwenye nyasi, na chini yake ghuba yenye mashua za samaki. Ilikuwa mojawapo ya ngome za kwanza Wazungu walizojenga Asia. Nilipanda ngazi polepole, Hamza akinishika kiwiko.

Nilimwambia hawa watu nawajua. Meli zilizokuja kujenga hapa zilipita kwanza pwani ya Afrika, zikaacha ngome Kilwa na zikaichoma Mombasa. Hamza hakuwa ameyasikia hayo. Akasema, "Basi kaa, nami nikupe ya kwetu."

Tukakaa kwenye ukingo wa ukuta. Simulizi yake naiandika kama alivyoitoa.

Alisema mfalme wa hapa ndiye aliyewaruhusu Wareno kujenga, akidhani ni wageni wa biashara. Baada ya muda mfupi ikawa hakuna chombo kinachopita baharini bila barua ya ruhusa yao. Siku moja nahodha wao alikutana na jahazi la Kannur, akaitazama barua, akasema ni ya uongo. Waliomo wakauawa. Maiti zao zikashonewa ndani ya tanga la chombo chao wenyewe na kutupwa baharini, ili pasibaki ushahidi. Lakini tanga likapasuka, na bahari ikawaleta hapa ufukweni mmoja mmoja, watu wa mji wakawatambua kwa nyuso.

"Mmoja wao alikuwa mpwa wa mfanyabiashara mkubwa wa Kiislamu wa mji huu," alisema Hamza. "Si mtoto wake, mpwa wake. Kwetu mambo ni kwa upande wa mama, sheikh. Mtoto wa dada yako ndiye wako. Yule mzee alikwenda kwa mfalme akilia, na watu wote wa mji nyuma yake."

Mfalme aliyewaruhusu Wareno alikuwa amekufa, na aliyemrithi hakuwapenda. Akakusanya watu, na wafalme jirani wakamsaidia. Wakaizingira ngome kwa upande wa nchi kavu. Ulikuwa msimu wa mvua, hakuna meli inayoweza kufika. Kisima kilikuwa nje ya ukuta, hivyo kila tone la maji ya kunywa lilipiganiwa, hata Wareno wakachimba njia chini ya ardhi mpaka kisimani. Ghala lao la chakula likaungua. Wakala panya, wakala mijusi. Miezi minne.

"Tulikaribia," alisema Hamza, kama aliyekuwepo. "Siku chache tu zilibaki. Halafu siku ya sikukuu yao, ile ya Bibi Mariamu, bahari ikachafuka ikatupa kambakoche ufukweni, pale chini, kwa mamia. Wakala, wakapata nguvu. Baada ya siku chache meli zao zikafika."

Nilijua meli hizo zilitoka wapi. Mwaka huohuo zilikuwa zimeichoma Barawa, kwenye pwani ileile ya Afrika. Nilikaa juu ya ukuta wa Wareno, na moyo wangu uko chini, pamoja na waliozingira. Nimefundisha majina ya Mwenyezi Mungu miaka mingi, na kila nilipofika kwenye jina la Mwenye Kuruzuku niliwaeleza wanafunzi kwamba humruzuku hata asiyemtii. Ni rahisi kulisema ukiwa kwenye mkeka. Pale ukutani, nikiwaza wale maiti waliorudishwa na bahari, na bahari hiyohiyo ikiwalisha waliowaua, nililisema tena kimoyomoyo na likanichukua muda kulimaliza.

"Ikawaje?" niliuliza.

"Wakapatana. Ngome ikabaki." Hamza aligeuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai. "Yule mzee hakupata mpwa wake. Mji mzima ulisimama kwa ajili ya mpwa mmoja, sheikh. Na mimi mpwa wangu ni Nasiri. Nilimbeba mgongoni kwenda naye chuo cha Kurani. Sasa wewe umekuja kumchukua, na chumba chake kina dirisha moja."

Nilidhani nimechoka, sikusikia sawasawa.

"Kumchukua nani?"

"Nasiri. Dada hajalala siku tatu. Mwanawe kwenda kulala kwenye kitanda kinacholia na kula chakula cha jana."

"Bwana Hamza, mimi nimekuja kuwaomba msimchukue Zuhura."

"Tumchukue tumpeleke wapi?"

"Hapa. Kwenu. Si ndiyo anaolewa?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. "Sheikh, kwetu Kannur mume huhamia kwa mke. Nyumba ni ya wanawake. Mimi mwenyewe nimekuwa mkwe kwenye nyumba ya mke wangu miaka arobaini, hapa nipo kwa dada yangu mgeni kama wewe. Wazazi wa binti huandaa chumba, kizuri kuliko vyote, na mkwe hulishwa kama mfalme. Ndiyo maana dada aliuliza. Kwani Nasiri hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Aliona haya."

"Hata mimi niliona haya. Na mkataba wake Beltsville?"

"Ameomba wamwongezee, na wamekubali. Sisi tulimtaka arudi, yeye akasema mkewe yuko na baba yake, hawezi kumtoa. Tukajua ni sawa, ni desturi." Akatikisa kichwa. "Na wewe ukatuambia kibanda."

"Kwetu hiyo ni adabu."

"Ugali wa jana pia ni adabu?"

Hapo ndipo nilipocheka, na yeye akacheka, wazee wawili juu ya ukuta, mpaka mlinzi wa ngome akaja kututazama kama tuko salama. Nikamwomba Hamza kitambaa nikasujudu palepale juu ya mawe mekundu, sijda ya shukrani, na sikuharakisha kuinuka.

Kurudi

Tulipofika nyumbani, Hamza alimweleza dada yake akiwa bado mlangoni, viatu mkononi. Mama Nasiri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika, nami sikujua analia au anacheka mpaka wale wengine wote walipoanza. Jioni hiyo alikaa nami mezani. Nilimweleza ukweli kwamba nyumba ni ya matofali, ina vyumba vitatu, na kimoja kina madirisha mawili na mti nje. Aliuliza ni mti gani. Nikasema sijui jina lake, lakini hutoa maua ya rangi ya waridi mwezi wa nne.

Siku ya kuondoka alinipa mtungi wa achari na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema, na Hamza akatafsiri bila mzaha, "Nakupa mwanangu. Mtazame."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyaandaa mimi. Nikamwahidi.

Ndege za kurudi ziliondoka kwa saa zake, sina la kusimulia. Papa Bahati alinipokea, akanitazama tumbo, akasema, "Ulifuata shauri yangu." Njiani nilimweleza yote. Pale darajani alisimamisha gari pembeni ili acheke vizuri, jambo ambalo si salama.

Kesho yake alikuja kunisaidia kuhamisha kitanda. Mimi sasa nimehamia chumba cha nyuma, kile chenye dirisha moja linalotazama magari, na kile chenye madirisha mawili kimepakwa rangi, kinangoja. Juma lililopita Mama Nasiri aliomba kukiona kwa simu. Nikatembea na simu polepole, nikamwonyesha pazia, kabati, mti. Hamza alikuwa kando yake.

"Dada ameridhika," alisema. "Anauliza, mkwe akifika mtamlisha nini?"

Safari hii sikufanya unyenyekevu. Nikasema biriani. Nikasema samaki wa kuchoma, kuku wa nazi, mikate ya mchele, maandazi ya iliki, pilau ya nyama ya mbuzi. Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa kila jina, uso wake umekunjuka. Nyuma yangu Zuhura akaninong'oneza sikioni.

"Baba, nani atapika vyote hivyo?"

Nikafunika simu kwa kiganja. "Si wewe upo?"

"Nipo," alisema.

Nikaondoa kiganja, nikaendelea kutaja vyakula.